Kupiga polishi na nta rangi ya gari nyumbani: mwongozo kamili

Rangi ya gari la kisasa imepangwa kwa tabaka juu ya bati: praima chini, rangi yenyewe katikati, na juu kabisa klia, lakeri angavu isiyo na rangi ambayo ndiyo inayolipa gari mng'ao wake. Kwa gari ambalo halijawahi kupulizwa upya tangu litoke kiwandani, tabaka hizo zote pamoja mara nyingi zina unene wa maikroni 100 hadi 150 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), na klia peke yake ni kama 35 hadi 50. Unywele wa kichwani kwa kawaida ni mnene kuliko klia hiyo. Mikwaruzo myembamba unayoiona jua likipiga boneti, ile inayojipanga duara kama utando wa buibui, imo ndani ya klia. Kuiondoa maana yake ni kusaga klia yote inayoizunguka mpaka uso ushuke hadi pale mkwaruzo unapoishia.

Ndiyo maana kazi hii ina sehemu mbili zisizofanana kabisa. Polishi hupunguza: maikroni 1 hadi 5 huondoka, kutegemea polishi uliyochagua, pedi, na muda uliokaa mahali pamoja, na zikishaondoka zimeondoka. Nta huongeza: unaweka ngozi nyembamba ya kinga ambayo itachakaa, nawe utaiweka tena. Nta unaweza kupaka kila baada ya miezi miwili au mitatu kwa maisha yote ya gari, lakini polishi inabidi uifanyie hesabu. Viambato vinavyozuia mionzi ya jua vimo ndani ya klia yenyewe. Ikisagwa kupita kiasi huanza kupauka, kisha kubanduka magamba, na hapo hakuna dawa isipokuwa kupuliza rangi upya. Kwa hiyo ushauri wote ulio hapa chini unafuata kanuni moja: ondoa klia kidogo kadiri iwezekanavyo, halafu uilinde ili usilazimike kurudi mapema.

Kwanza, je, rangi hii inafaa kupigwa polishi?

Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo, ukikatiza. Ukucha ukiteleza bila kukwama, polishi itausaidia. Ukikwama, mkwaruzo ni wa kina, na kuufukuzia mpaka uishe ni kutoboa klia. Kubali kuulainisha kingo zake ili usionekane sana, au utumie rangi ya kugusia.

Klia iliyokwisha kubanduka, yenye mabaka meupe yenye kingo za magamba, usiiguse kwa mashine. Pedi itapanua kidonda. Rangi isiyong'aa ya kiwandani, yaani ile iliyotengenezwa makusudi iwe butu, haipigwi polishi wala nta ya kawaida, kwa sababu utaipa mabaka ya mng'ao yasiyotoka. Gari lililopulizwa rangi karibuni linahitaji muda ili vimumunyishi viishe kutoka: mafundi wengi hutaka siku 30 hadi 90 kabla ya nta, na anayejua zaidi ni aliyeipuliza, maana inategemea aina ya rangi na kama ilikaushwa kwa joto.

Magari ya zamani yenye rangi ya tabaka moja, bila klia, yatakupaka pedi rangi ya gari. Hilo ni la kawaida kwake, si hitilafu. Lakini gari lenye klia likianza kuipaka pedi rangi yake, simama papo hapo: umekwisha kuvuka klia.

Ukiweza kupata kipimo cha unene wa rangi, kitumie, hata kwa kuazima. Pima sehemu kadhaa za kila paneli. Namba zilizo chini ya maikroni 90 zinakutaka uwe mwangalifu sana, na paneli inayozidi 200 huenda imepulizwa tena. Ikifika mamia mengi, chini yake kuna pati, ile ya kujazia mabonde ya bati. Kumbuka kipimo hicho kinasoma tabaka zote pamoja, hakikuambii klia imebaki kiasi gani.

Vifaa

Kwa gari dogo la kawaida, andaa hivi:

- ndoo mbili za lita 15 hadi 20, ikiwezekana zenye wavu wa kukalisha mchanga chini
- shampuu ya gari, glavu ya kuoshea ya maikrofaiba, na taulo kubwa nene la kukaushia
- dawa ya kutoa lami, dawa ya kuyeyusha chembe za chuma, na gramu 100 za klei ya kusafishia rangi
- tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi, upana wa sentimita 2 hadi 4
- mashine ya kupigia polishi, ile ambayo pedi yake huzunguka huku ikitikisika pembeni
- pedi za sponji: ngumu mbili, za wastani tatu, laini mbili
- polishi laini, na kampaundi (polishi inayokata zaidi) moja ya akiba
- alkoholi ya isopropili, chupa ya kupulizia, na vitambaa vya maikrofaiba visivyopungua 10
- nta au silanti (kinga ya polima inayofanya kazi ya nta), na sponji ndogo za kupakia
- tochi kali ya LED

Kuhusu mashine, kuna aina mbili. Ile inayozunguka tu kwenye mhimili mmoja hukata haraka, na hutia joto haraka vilevile. Kwa mkono usiozoea itaacha michirizi ya hologramu, yaani milia inayocheza mwanga ukiipiga, au kuunguza ukingo. Ile inayozunguka na kutikisika ni ya polepole zaidi, na ukiikandamiza mno pedi husimama kuzunguka badala ya kuharibu rangi. Kwa kazi ya nyumbani chukua hiyo ya pili, yenye sahani ya milimita 125 na pedi zinazoizidi kidogo, ili ukingo mgumu wa sahani usigonge rangi. Mtikisiko wa milimita 8 hadi 15 unatosha.

Vitambaa vya pamba, fulana kuukuu na mashuka viweke mbali. Vinakwaruza klia laini, na mishono yake inakwaruza zaidi. Kwenye maikrofaiba pia kata lebo kabla ya kuanza.

Kuosha ndiko kunakoamua

Mikwaruzo mingi haikuletwa na barabara. Ililetwa na kitambaa chenye mchanga. Osha gari kivulini, bati likiwa limepoa kiasi kwamba kiganja kinatulia juu yake bila kusikia joto. Anza na magurudumu, kwa ndoo na brashi zake peke yake, kwa sababu vumbi la breki lina chembe za chuma ambazo hutaki zifike kwenye milango.

Mwagia gari maji mengi kwanza, uchafu unaoweza kuondoka bila kuguswa uondoke. Ndoo moja iwe ya shampuu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, nyingine ya maji matupu. Chovya glavu kwenye shampuu, osha nusu paneli kwa mistari iliyonyooka, isuuze kwenye maji matupu huku ukiisugua kwenye wavu, ikamue, ndipo urudi kwenye shampuu. Tangulia paa, kisha vioo, boneti, buti, nusu ya juu ya milango, na sehemu za chini pamoja na bampa mwisho. Maji ya kusuuzia yakiwa meusi, badilisha, usiyaonee huruma.

Kwa kawaida sabuni ya vyombo haifai kuoshea gari kwa kuwa huondoa nta. Leo nta ya zamani inaondolewa hata hivyo, kwa hiyo haitaleta madhara, ingawa shampuu nzuri inateleza zaidi na hilo ndilo unalolitaka.

Kuondoa kilichong'ang'ania

Gari lililooshwa likikauka, tia mkono ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki na upitishe vidole juu ya boneti taratibu. Utashangaa. Vipele vidogo unavyovisikia ni chembe za chuma za breki, madoa ya lami, utomvu na ukungu wa rangi iliyopulizwa mahali fulani. Ukianza polishi bila kuvitoa, pedi itaving'oa na kuvizungusha juu ya klia.

Anza na lami, ambayo hukaa zaidi nyuma ya magurudumu na chini ya milango. Pulizia dawa, subiri dakika moja au mbili mpaka madoa yaanze kuteremka yakiwa ya kahawia, futa kwa kitambaa utakachokitupa, suuza. Halafu pulizia dawa ya chuma gari zima, kivulini na mahali penye hewa, maana harufu yake ni kali. Vaa glavu za mpira. Baada ya dakika 3 hadi 5 matone yatageuka zambarau kila penye chuma. Usiiache ikaukie juu ya rangi. Suuza kwa maji mengi.

Klei huja mwisho. Kata kipande cha gramu 50, kikande kiwe bapa kama upana wa vidole vitatu. Lowesha eneo la sentimita 50 kwa 50 kwa kimiminika cha kutelezesha, au maji yenye shampuu, kisha pitisha klei kwa kwenda na kurudi bila kukandamiza. Uzito wa vidole tu unatosha. Mwanzoni utaisikia ikikwaruzakwaruza. Inapoanza kuteleza kimya, eneo hilo limesafika. Angalia uso wa klei, ukunje ndani, ukande upate uso mpya. Kipande kikianguka chini, kitupe. Usijaribu kukiosha, kwa sababu mchanga ukishazama ndani hautoki. Klei yenyewe huweza kuacha alama hafifu kwenye rangi laini, ndiyo maana hufanywa kabla ya polishi na si baada yake.

Madoa ya maji yenye chumvi ambayo hayakutoka kwa shampuu jaribu siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu: weka kitambaa kilicholowa juu ya doa dakika moja au mbili, kisha suuza vizuri. Yakibaki, yamekwisha kula klia, na ni kazi ya polishi. Alama za kinyesi cha ndege ni hivyohivyo.

Tepu

Bandika tepu juu ya mipira ya madirisha, plastiki nyeusi zisizopakwa rangi, nembo, na kingo kali za paneli, kama mstari mrefu wa mlango au mdomo wa boneti. Kwenye kingo rangi huwa nyembamba kuliko katikati na pedi hukandamiza mahali padogo, kwa hiyo hapo ndipo klia hutobolewa. Tepu haikuzuii kufika karibu. Inakukumbusha usizubae hapo. Kuibandika huchukua nusu saa, na kutoa polishi iliyokaukia kwenye plastiki yenye vinyweleo huchukua zaidi ya hapo.

Jaribio la mahali pamoja

Lakeri za viwanda hutofautiana ugumu, na hakuna anayeweza kukuambia kwa kutazama tu ni polishi gani itatosha. Chagua eneo la sentimita 40 kwa 40 katikati ya boneti. Anza na mchanganyiko mpole zaidi: polishi laini na pedi laini. Piga duru moja kamili, yaani mapito yote ya mashine kama yalivyoelezwa hapa chini, futa, na umulike kwa tochi.

Mikwaruzo ikiwa imetoka sehemu kubwa, umepata jibu, na gari zima litafanywa hivyo. Ikiwa bado, badilisha pedi kwanza: weka ya wastani na polishi ileile. Bado? Pedi ngumu. Kampaundi iwe ya mwisho kabisa, na ukiitumia lazima urudie kwa polishi laini na pedi laini ili kuondoa ukungu unaoachwa nayo. Watu wengi hukimbilia kampaundi moja kwa moja wakidhani wanaokoa muda, wanafanya kazi mara mbili na kulipa kwa klia.

Lengo la busara ni kuondoa asilimia 70 hadi 90 ya mikwaruzo. Ile michache ya kina inayobaki haionekani ukiwa umesimama hatua mbili kutoka gari, na kuifukuza hugharimu klia nyingi kuliko ile yote iliyotangulia.

Kupiga polishi kwa mashine

Waya upitishe begani usiguse rangi. Chomeka kwenye soketi yenye kinga ya kukata umeme, hasa ikiwa sakafu bado ina maji. Vua saa, pete na mkanda wenye chuma.

Pedi mpya na kavu ipake polishi kidogo kwa kidole uso mzima, ili isianze kukata ikiwa kavu. Kisha weka matone manne au matano yenye ukubwa wa punje ya njegere. Kwa maeneo yanayofuata matone matatu yanatosha. Polishi nyingi haikati zaidi. Huifanya pedi iteleze, irushe matone kwenye vioo na ijae haraka.

Gusisha pedi kwenye rangi kabla ya kuwasha. Kwa mwendo namba 1 au 2 sambaza polishi juu ya eneo la sentimita 50 kwa 50, sekunde chache tu. Panda hadi namba 4 au 5. Sogeza mashine polepole, kama sentimita 3 kwa sekunde, kila mstari ukipanda nusu ya mstari uliopita. Maliza eneo lote kwa mistari ya kwenda kushoto na kulia, halafu ya juu na chini. Kila mzunguko wa eneo lote ni pito moja. Mapito manne hadi sita yanatosha. Mkandamizo uwe wa kutosha pedi ibonyee kidogo na bado izunguke. Chora mstari kwa kalamu ya wino pembeni mwa sahani: ukiuona unazunguka, uko sawa, ukisimama, umekandamiza mno au umeinamisha mashine. Pedi ilale bapa wakati wote. Pito la mwisho liachie uzito wa mashine peke yake.

Polishi inayofanya kazi huonekana kama ngozi nyembamba yenye unyevu wa mafuta. Ikianza kukauka na kutoa vumbi, umepitiliza au eneo ni kubwa mno. Zima mashine pedi ikiwa bado imegusa rangi, futa kwa maikrofaiba safi, mulika.

Pedi ndiyo inayoleta matatizo mengi kuliko kitu kingine chochote. Klia iliyosagwa na polishi iliyokwisha kazi hubaki ndani yake, huganda, na kuanza kukwaruza. Kila baada ya eneo moja isugue kwa brashi ya nailoni huku mashine ikizunguka polepole, kisha ifute kwa kitambaa kikavu. Baada ya paneli mbili ibadilishe kwa nyingine. Ile ya kwanza ipoe na kuoshwa. Pedi yenye moto katikati hulegea na gundi yake huachia.

Gusa rangi mara kwa mara kwa mgongo wa mkono. Uvuguvugu ni sawa. Ikiwa huwezi kuuacha mkono hapo, hamia mahali pengine. Kuwa makini zaidi na bampa, kwa kuwa plastiki haisambazi joto kama bati, na rangi juu yake hupata moto upesi; huko punguza mwendo hadi namba 3 na mapito yawe mawili au matatu.

Kwa gari zima tenga siku nzima, pengine mbili. Paa na boneti, ambazo hupigwa na jua zaidi, zifanye asubuhi ukiwa na nguvu.

Bila mashine

Kwa mkono inawezekana, lakini matarajio yawe ya kweli: utarudisha mng'ao na kupunguza mikwaruzo hafifu, hutaiondoa yote. Tumia sponji ngumu yenye kishikio, eneo la sentimita 30 kwa 30, na polishi iliyotengenezwa kwa mkono. Sugua kwa mistari iliyonyooka kwa dakika 2 au 3 kwa mkandamizo sawasawa. Usitumie kampaundi kwa mkono kwenye eneo kubwa, kwa maana mkandamizo wa vidole haulingani na utaacha milia.

Gari lenye umri mkubwa ambalo klia yake imebaki kidogo linafaa zaidi polishi ile iliyochanganywa na nta katika chupa moja. Inakata kidogo sana, na mafuta yake hujaza mikwaruzo ili isionekane kwa muda. Hilo si udanganyifu kwa gari la namna hiyo. Ni kuitunza klia iliyobaki.

Kufuta mafuta

Polishi nyingi huacha mafuta yanayoficha mikwaruzo na kuzuia kinga isishike. Changanya alkoholi ya isopropili ya asilimia 70 sehemu moja na maji safi sehemu tatu. Pulizia kwenye kitambaa, futa paneli taratibu, geuza, futa tena kwa upande mkavu. Ukitumia alkoholi kali zaidi ya hapo kitambaa hukwama na kuacha alama kwenye klia laini. Sasa mulika upya: unachokiona ndiyo hali halisi ya rangi. Kama mikwaruzo imerudi, haikuwa imeondoka. Ng'oa tepu, safisha vumbi kwenye mianya.

Nta ipi?

Nta ya karnauba hutokana na majani ya mti wa jamii ya minazi wa kaskazini-mashariki mwa Brazili, unaojulikana kisayansi kama Copernicia prunifera. Ikiwa safi ni ngumu na huyeyuka kwenye nyuzi joto 82 hadi 86 za Selsiasi, kwa hiyo kopo lililoandikwa karnauba lazima lina mafuta na vimumunyishi vya kuilainisha. Tusibabaishwe na maneno "asilimia 100" juu ya kifuniko. Inatoa mng'ao wa kina unaopendeza hasa kwenye rangi za giza, na hudumu kama wiki 6 hadi 8. Silanti, ambayo hutengenezwa kwa polima, hudumu miezi 4 hadi 6 na mng'ao wake ni mkali zaidi, wa kioo. Kwa gari linalolala nje na kutumika kila siku, sisi tungechagua silanti bila kusita.

Ukitaka zote mbili, silanti hutangulia, kwa sababu inahitaji kushika rangi tupu. Nta huja juu yake kesho yake. Kinyume chake hakifanyi kazi. Mipako ya seramiki ni habari nyingine: hudumu zaidi ya mwaka, lakini pakikauka vibaya patahitaji polishi tena, basi isiwe jaribio lako la kwanza.

Kupaka

Rangi iwe baridi na kavu, gari liwe kivulini. Sponji ya kupakia ilowe kidogo sana kwa nta ya kopo. Kwa silanti iwe kavu. Zungusha sponji juu ya nta nusu duara tu, inatosha kwa nusu ya mlango. Paka kwa mistari iliyonyooka inayopandana, nyembamba kiasi kwamba ukitazama ukiwa umesimama wima unaiona kwa shida. Gari dogo zima halipaswi kula zaidi ya gramu 20 hivi. Hapa ndipo wengi hukosea: wanapaka nene kwa kudhani kinga itaongezeka, ilhali kinachobaki juu ya rangi ni ile ngozi iliyoshika, na ziada yote utaifuta kwa jasho.

Fuata maelekezo ya kopo kuhusu muda, kisha thibitisha kwa kidole: pitisha mara moja juu ya nta. Mahali ulipopitisha pakibaki angavu na safi, iko tayari kufutwa. Pakiwa na mafuta ya kupakaa, subiri. Kwa kawaida ni dakika 5 hadi 15. Hewa ya joto na kavu huharakisha, yenye unyevu huchelewesha. Nta ya karnauba ipake paneli moja au mbili kisha ufute, maana ikikaa mno huganda. Silanti nyingi zinaruhusu kupaka gari zima ndipo uanze kufuta pale ulipoanzia.

Futa kwa maikrofaiba iliyokunjwa mara mbili, upande mmoja ukichukua nta na mwingine ukimalizia. Kitambaa kikianza kukokota, geuza. Koti la pili, kama unalitaka, lije baada ya saa 12 hadi 24, na kazi yake kubwa ni kufunika mahali ulipopasahau. Koti la tatu na la nne ni kupoteza nta. Silanti isipate maji kwa saa 12 za mwanzo.

Yanayoharibika, na sababu zake

Milia ya mafuta inayorudi saa chache baada ya kufuta: nta ilikuwa nene au ilifutwa mapema. Pulizia maji safi kidogo, futa kwa kitambaa kipya.

Nta iliyogoma kutoka: iliachwa muda mrefu au rangi ilikuwa na joto. Paka nta kidogo mpya juu yake. Vimumunyishi vyake vitailegeza ile ya zamani, futa mara moja.

Weupe kwenye plastiki nyeusi: sugua kwa brashi laini na kisafishaji cha plastiki kabla haujakaa siku nyingi.

Ukungu kwenye rangi za giza baada ya polishi: pedi chafu, pedi ngumu mno kwa klia laini, au umesimama kabla ya mapito ya mwisho mepesi. Rudia kwa pedi laini mpya na polishi laini.

Vumbi jingi wakati wa kusaga: polishi kidogo mno, jua, au pedi iliyojaa. Badilisha pedi kabla ya kulaumu polishi.

Rangi iliyopotea ukingoni: klia imetobolewa. Acha. Hakuna polishi itakayoirudisha, na kila dakika ya ziada inapanua doa.

Baada ya hapo

Maji yakimwagika juu ya boneti yanajikusanya matone ya duara na kuteremka haraka, kinga ipo. Yakianza kulala bapa na kutandaa hata baada ya kuosha vizuri, ni wakati wa nta, na nta pekee. Osha, futa, paka, saa mbili zimetosha. Kinyesi cha ndege na utomvu vitoe siku hiyohiyo kwa kitambaa chenye maji mengi, ukivilegeza kwanza badala ya kuvisugua, kwa sababu jua hulainisha klia na alama huchapwa humo klia inapopoa.

Vumbi kavu usilifute kwa kitambaa, hata kiwe laini namna gani. Hiyo ndiyo njia ya haraka ya kurudisha mikwaruzo yote uliyoitoa. Ukiosha kwa ndoo mbili na kutunza nta, mashine ya polishi inaweza kukaa stoo mwaka mzima au miwili, na ikitoka iwe kwa polishi laini tu.

Vitambaa vya maikrofaiba vifue peke yake kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya maji, bila dawa ya kulainisha nguo, ambayo huziba nyuzi zake na kuvifanya vitandaze nta badala ya kuichukua. Vya polishi vitenge na vya nta, na vya magurudumu viwe na rangi yake ili visije vikachanganyika. Pedi zisugue kwa sabuni wakati polishi bado mbichi, zikamue kwa kiganja bila kuzisokota, zikauke kivulini uso wa sponji ukitazama chini ili maji yasikae kwenye gundi.